Lita 884 zilizopotea kisimani: kisa cha kaunta iliyofurika

Daftari lilikuwa na mistari mitatu iliyozungushiwa kalamu nyekundu. Pipa la lita 200, mashine imesoma 52. Tangi la lita 500, imesoma 58. Tangi la lita 1,000, imesoma 116. Aliyeandika ni mjukuu wa mama mwenye kisima, na hakuongeza neno lolote pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, unywe maji. Halafu uniambie kwa nini mashine yako inanila."

Kisima chenyewe kiko pembezoni mwa mji wa Mtwara, upande wa barabara ya kwenda Mikindani. Mama anauza maji kwa shilingi 5 lita, yaani dumu la lita 20 kwa shilingi 100. Mwezi Agosti nilimfungia mita ya maji inayotumia umeme ili asibishane na wateja kuhusu madumu yaliyojaa na yasiyojaa. Kwa miezi miwili hakuna aliyelalamika. Kisha malipo ya korosho yakaanza kuingia mifukoni mwa watu, na pesa ya korosho ikiingia huku kwetu watu hujenga. Zege linataka maji, tofali zinataka kumwagiliwa. Wateja wa dumu wakabaki walewale, lakini sasa zikaanza kuja kirikuu zimebeba mapipa na matangi.

Tangi la lita 1,000 ni shilingi 5,000. Kwa lita 116 za mashine, ikawa shilingi 580. Wengine walilipa kamili kwa sababu wanamheshimu mama na macho yao yaliona tangi limejaa. Wengine walishikilia kwamba mashine imesema. Neno hilo lina nguvu kubwa kwenye ubishi, na mimi ndiye niliyelileta pale kisimani.

Ndani ya kisanduku kuna maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, ya ATmega328P, ileile inayokaa kwenye bodi ya Arduino Uno. Kuna skrini ya mistari miwili, vitufe vya kufungulia na kufungia maji, na waya wa mita 12 unaokwenda hadi kwenye kihisi cha mtiririko, YF-S201, kilichofungwa kwenye bomba la nusu inchi. Kihisi hiki kina gurudumu dogo lenye mapezi na sumaku. Maji yakipita, gurudumu linazunguka, na kila sumaku ipitapo mbele ya kipande cha Hall, kinachohisi sumaku, waya wa ishara unatoa pigo moja la umeme. Karatasi yake inasema mapigo 7.5 kwa sekunde kwa kila lita moja kwa dakika. Zidisha kwa sekunde 60, unapata mapigo 450 kwa lita. Kwa hiyo kazi ya maikrokontrola ni nyepesi: hesabu mapigo, gawa kwa 450, onyesha lita.

Rafiki yangu wa dukani, niliyekwenda naye, alitaka tufungue kihisi pale pale. Alidhani kuna mchanga. Nilimwomba asubiri, tuketi kwanza na daftari. Mchanga ukikwamisha gurudumu unapunguza kiasi fulani cha kila lita, na dumu pia lingepungua. Lakini madumu yalisomeka 20 bila tatizo, na tangi la lita 500 lilisoma karibu sawa na pipa la lita 200. Hakuna uchafu unaoweza kufanya hivyo. Namba zilizopotea zilikuwa na umbo lake.

Tukatoa. Kwenye pipa zimepotea lita 148. Kwenye tangi la 500 zimepotea 442. Kwenye tangi la 1,000 zimepotea 884. Angalia hizo tatu: ya pili ni karibu mara tatu ya ya kwanza, na ya tatu ni mara mbili ya ya pili. Moja, tatu, sita. Kitu fulani kilikuwa kinaondoka na fungu la lita mia na arobaini na kitu, kizima kizima, mara moja kwenye pipa, mara tatu kwenye tangi dogo, mara sita kwenye kubwa.

Hapo nikajua pa kwenda, maana kuna namba moja ambayo kila anayegusa maikrokontrola anaijua: 65,536. Igawe kwa 450. Inakuja lita 145.6.

Kabla ya kugusa programu nilitaka sote tuione kwa macho. Mjukuu akafungulia maji kwenye pipa, sisi tukakodolea skrini. Bomba lile hutoa kama lita 20 kwa dakika, kwa hiyo ilibidi tukae pale kama dakika saba na sekunde ishirini. 142. 143. 144. 145. Ikawaka 146 chini ya nusu sekunde, kisha 0, kisha 1. Pipa halijajaa, maji yanaendelea kumiminika, na mashine imeanza upya kana kwamba mteja ndiyo kwanza ameweka pipa lake. Mjukuu alisema taratibu, "Kumbe." Muda wote huo hakuna aliyeiona, kwa sababu kisanduku kiko ndani ya banda na kila mtu macho yake yako kwenye chombo nje.

Sasa nieleze kinachotokea ndani, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo hili.

Watu husema taima na kaunta kana kwamba ni vifaa viwili. Ndani ya silikoni ni kifaa kimoja: rejista, yaani nafasi ndogo ya kuweka namba, inayoongeza moja kila inapopata pigo. Tofauti ni mapigo yanatoka wapi. Yakitoka kwenye kristali ya saa ya maikrokontrola, ambayo kwenye bodi yangu ni mapigo milioni 16 kwa sekunde, yote yana nafasi sawa, basi idadi yao inageuka kuwa muda, na kifaa tunakiita taima. Yakitoka nje, kwenye pini, hayana ahadi ya nafasi. Yanakuja maji yakija. Idadi yao ni matukio, na kifaa kilekile tunakiita kaunta. ATmega328P ina vifaa vitatu vya namna hii: namba 0 na namba 2 vyenye biti 8, na namba 1 chenye biti 16. Kwenye rejista inayoitwa TCCR1B kuna biti tatu za mwisho zinazochagua chanzo. Ukiweka 001, kifaa kinakula mapigo ya saa moja kwa moja. Ukiweka 101, kinakula pigo moja la saa kati ya kila 1,024. Ukiweka 111, kinaiacha saa na kugeukia pini ya T1, pini namba 5 kwenye Uno, na kuongeza moja kila volti inapopanda. Biti tatu tu, na kilichokuwa kinapima muda kinahesabu maji.

Nilichagua njia hii kwa sababu kaunta ya namna hii haimtegemei prosesa, sehemu ya chipu inayotekeleza programu. Prosesa anaweza kuwa amezama kuandika herufi kwenye skrini, kaunta inaendelea kuhesabu peke yake. Kwa kasi yetu ya mapigo kama 150 kwa sekunde ningeweza hata kumwita prosesa kwa kila pigo na asichoke. Lakini nilipenda, na bado napenda, kifaa kinachofanya kazi yake bila kusimamiwa.

Kasoro ni upana. Rejista ya TCNT1 inayoweka hesabu ina biti 16, kila moja ni 0 au 1, na jumla ya mipangilio yake ni 65,536, kuanzia 0 hadi 65,535. Ikifika 65,535 biti zote ni 1. Pigo linalofuata halina pa kukaa, na zote zinarudi 0, kama namba za kilomita kwenye pikipiki ya zamani zinavyotoka 99999 kurudi 00000. Mafundi huita hali hiyo kufurika. Kisimani tangi lilikuwa linajaa sawasawa, na kilichofurika ni hesabu.

Na mimi nilikuwa nimejaribu mashine kwa ndoo na madumu mawili. Lita 40. Sikuwahi kupitisha lita 145 hata mara moja kabla ya kuikabidhi. Kosa lilikuwa langu, na mama nilimwambia hivyo.

Alitaka kuelewa, hakutaka kuambiwa tu kwamba limepatikana. Alikuwa na tasbihi mkononi, ile ya punje 33. Nikamwambia: mama, mashine ina tasbihi ya punje elfu sitini na tano na kitu. Inavuta punje moja kwa kila pigo. Ikimaliza mzunguko inaanza punje ya kwanza, na haina kidole cha kukunja kukumbuka kwamba imeshazunguka mara moja. Mimi nikiiuliza umefika wapi, inanitajia punje tu. Alinitazama akasema, "Basi ipe vidole."

Ndivyo inavyofanywa, hasa. Kaunta inapotoka 65,535 kwenda 0 inainua bendera inayoitwa TOV1, na ukiruhusu, bendera hiyo inamkatiza prosesa: anaacha alichokuwa anafanya, anakwenda kwenye kipande kifupi cha programu, anaongeza moja kwenye namba iliyo kwenye kumbukumbu, anarudi. Tunaliita katizo. Namba hiyo niliipa jina la mizunguko. Jumla ya mapigo ni mizunguko mara 65,536, ongeza kilichomo kwenye TCNT1. Kwa tangi la lita 1,000 makatizo ni sita tu ndani ya dakika hamsini. Prosesa hata hasikii.

Baadhi ya wenzangu walinishauri niachane na chipu hii, nihamie ESP32 yenye prosesa ya biti 32, tatizo liishe lenyewe. Haliishi. Kitengo cha kuhesabu mapigo ndani ya ESP32 ya kawaida nacho ni cha biti 16, tena chenye alama ya hasi na chanya, kwa hiyo upande wa chanya kinaishia 32,767. Upana wa prosesa ni jambo moja, upana wa kaunta ni jambo jingine, na anayetengeneza mita lazima aulize la pili.

Tulikuwa bado na mabaki. Rudi kwenye daftari. Pipa lilipoteza 148, mzunguko mmoja ni 145.6, zinabaki 2.4. Tangi la 500 lilipoteza 442, mizunguko mitatu ni 436.9, zinabaki 5.1. Tangi la 1,000 lilipoteza 884, mizunguko sita ni 873.8, zinabaki 10.2. Mbili kwenye mia mbili, tano kwenye mia tano, kumi kwenye elfu. Hiyo ni asilimia moja, na haina uhusiano na kufurika. Ndani ya namba moja iliyopotea kulikuwa na makosa mawili yamelala pamoja.

Rafiki yangu akauliza kama asilimia moja inatokana na saa ya mashine kwenda vibaya. Swali zuri, kwa sababu mashine hii ina taima pia. Kifaa namba 2 nimekiachia kazi ya kupima sekunde, ili kujua kasi ya maji na kuzima pampu kisima kikianza kukauka. Mapigo milioni 16 nimeyagawa kwa 1,024, yanabaki 15,625 kwa sekunde. Kifaa hiki ni cha biti 8, hakiwezi kufika huko, kwa hiyo nimekiwekea kikomo kiishie 124 kisha kirudi 0. Hizo ni hatua 125, maana sifuri nayo ni hatua, na 15,625 ukigawa kwa 125 unapata 125 kamili. Kinalia mara 125 kwa sekunde, programu inahesabu milio 125, sekunde imetimia. Kosa la kawaida hapa ni kuandika 125 badala ya 124. Kila sekunde inarefuka kwa sehemu nane za elfu, na kwa siku nzima saa yako inachelewa dakika kumi na moja na nusu. Nimewahi kuliona kosa hilo kwenye kengele ya shule moja. Nikaangalia: nilikuwa nimeandika 124.

Lakini hata ningekosea pale, lita zisingeguswa. Kasi ya maji ina muda ndani yake, ujazo hauna. Ujazo ni mapigo tu, yawe yamekuja kwa dakika moja au kwa saa nzima. Asilimia moja ilikuwa ya kihisi. Namba 450 ni ya karatasi, na vihisi vya bei hii hutofautiana kimoja na kingine. Niliazima mzani wa kupimia korosho, nikaweka ndoo kubwa juu yake, nikairudisha kwenye sifuri, nikajaza kilo 20 za maji mara tatu. Sikutumia dumu, kwa sababu dumu likijazwa hadi shingoni hupita lita 20 na kila moja lina tumbo lake. Wastani ulikuwa mapigo 8,910. Gawa kwa 20: 445.5 kwa lita. Hiyo ndiyo namba ya kihisi hiki kwenye bomba hili, na ndiyo niliyoandika. Mashine ilikuwa inasoma 19.8 kwa dumu na skrini inakadiria kuwa 20, ndiyo maana hakuna aliyeona.

Tukapitia daftari tangu matangi yalipoanza kuja. Kwa waliolipa kama mashine ilivyosema, mama alikuwa amepoteza shilingi 64,120. Nilizikata kwenye pesa yangu ya ufundi.

Siku hiyohiyo mama aliomba jambo jipya. Mjukuu anakwenda shule, na yeye hawezi kusimama dakika hamsini karibu na kitufe. Je, mteja aseme lita anazotaka, mashine ijifunge yenyewe? Nikaweka valvu ya umeme na kitufe cha kuchagua kiasi. Hesabu ikifika kiasi kilichoombwa, valvu inafunga na haifunguki tena hadi mteja mwingine. Tukajaza pipa moja, ikafunga kwenye 200. Nikaondoka nikiwa na furaha.

Wiki ya pili simu ikaja. Safari hii aliyenung'unika ni mteja, fundi mwashi anayejenga Mangamba. Alilipia lita 500, valvu ikafunga, skrini ikaandika zimetimia, lakini maji yaliishia chini ya alama ya tangi lake. Yeye ni mtu wa vipimo. Alijazia kwa dumu hadi kwenye alama: mawili kamili na la tatu kasoro kama lita moja. Lita 59 zimepungua. Kesho yake alirudi na tangi lilelile, likajaa sawasawa. Kosa linalokuja na kuondoka linachosha kuliko lile la kila siku, kwa sababu ukilitafuta halipo.

Nikafanya kama mwanzo, nikakaa na namba. 59 haikunipa kitu, haifanani na fungu lolote. Nikageuza: zimepungua 59, kwa hiyo zimeingia 441. Sasa mapigo kwa lita ni 445.5, na mzunguko mmoja wa kaunta ni 65,536 gawa kwa 445.5, yaani lita 147.1. Mara tatu ni 441.3. Valvu ilifunga mahali kaunta ilipokuwa inafurika kwa mara ya tatu. Si kabla, si baada.

Nikafungua programu na kuisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilikuwa inafanya hivi, mara nne kwa sekunde: soma TCNT1, andika skrini, soma mizunguko, jumlisha, linganisha na kiasi kilichoombwa. Skrini ile kuandikwa yote huchukua kama milisekunde 30. Nami niliiweka katikati ya vitu viwili ambavyo havistahili kutenganishwa.

Tazama kilichompata mwashi. Programu inasoma TCNT1, inakuta 65,533. Mizunguko ni 2. Inakwenda kuandika skrini. Wakati inaandika, yanaingia mapigo matatu: 65,534, 65,535, 0. Kaunta imefurika, katizo linaita, mizunguko inakuwa 3. Skrini imekwisha, programu inasoma mizunguko, inakuta 3. Inajumlisha 3 mara 65,536 na ile 65,533 ya zamani iliyobaki mkononi. Jumla 262,141, ambayo ni lita 588. Aliomba 500. Funga. Robo sekunde baadaye programu ingesoma tena na kupata 441 sahihi, lakini valvu imeshafunga na haisikilizi.

Ni sawa na mtu anayevuta uradi, ukamuuliza amefika wapi katika kile kitambo kifupi kati ya punje ya mwisho na kukunja kidole. Punje anakutajia ya mzunguko uliopita, kidole ameshakikunja cha mzunguko mpya. Kila nusu ya jibu ni kweli, na jibu zima ni uongo.

Kitambo hicho kilikuwa milisekunde 30 ndani ya kila 250, takriban mara moja kati ya nane. Na kwa kila chombo ni kufurika kwa mwisho tu kunakoweza kudhuru, kwa sababu kule kwa mwanzo hata ukiongeza lita 147 hufiki kiasi kilichoombwa. Kwa hiyo kati ya wateja wanane wa matangi, saba wanaondoka wameridhika na mmoja anapunjwa. Pipa langu la majaribio lilikuwa miongoni mwa saba.

Kuhamisha mstari wa skrini kungepunguza kosa kutoka mara moja kati ya nane hadi mara moja kati ya maelfu mengi, na najua mafundi wangeishia hapo. Mimi sikutaka. Mwashi wa elfu kadhaa naye amelipa.

Namna iliyo sahihi ni kuchukua vyote viwili kwa pumzi moja. Unazima makatizo. Unasoma TCNT1. Unasoma mizunguko. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea, unaangalia bendera ya TOV1. Kuzima makatizo kunamzuia prosesa asiitwe, lakini hakuizuii kaunta, yenyewe inaendelea na inaweza kufurika wakati uleule umezima. Ikifurika, bendera inabaki imeinuliwa inasubiri, na mizunguko haijaongezwa. Basi ukikuta bendera imeinuliwa na namba uliyosoma ni ndogo, chini ya 32,768, maana yake kufurika kulitangulia kusoma kwako, ongeza moja mwenyewe. Ukikuta bendera imeinuliwa lakini namba ni kubwa, kufurika kumekuja baada ya kusoma, usiongeze kitu. Kisha unawasha makatizo. Yote hayo huchukua sehemu chache tu za milioni za sekunde.

Kuzima makatizo kuna faida nyingine kwenye chipu hii. Prosesa yake husoma biti 8 kwa mkupuo, na TCNT1 ina 16, kwa hiyo inasoma nusu ya chini kwanza, na wakati huo nusu ya juu inahifadhiwa kwenye rejista ya muda ili zisije zikatofautiana. Rejista hiyo ya muda ni moja kwa kifaa chote namba 1. Katizo likiingia katikati na kugusa rejista nyingine ya biti 16 ya kifaa hicho, linaivuruga. Mwaka mwingine ukiongeza kazi kwenye katizo lako ndipo utakapoumia.

Nililirekebisha pia jambo la waya, ingawa halikuhusika: pampu ikiwaka, waya ule wa mita 12 ulikuwa unaokota mapigo mawili matatu ya uongo. Rezista ya kilo-omu 10 kwenda volti 5 na kapasita ya nanofaradi 10 kwenda chini, karibu kabisa na pini, vilimaliza.

Majaribio sikuyafanya kwa maji. Nilichukua bodi ya pili, nikaipangia taima yake itoe mapigo 5,000 kwa sekunde, nikaunganisha kwenye pini ya T1. Mapigo 445,500 ni lita 1,000, na yanaisha kwa sekunde 89 na kidogo, bila kumwaga hata kikombe. Kwa lile kosa la kuvizia, niliweka mizunguko 2 na TCNT1 65,000 kwa mkono, ili kufurika kwa tatu kuwe jirani, nikashusha mapigo hadi 150 kwa sekunde, nikaomba lita 500, nikarudia mara 100. Programu ya zamani ilifunga mapema mara 13. Mpya haikufunga mapema hata mara moja. Nikaiacha ijirudie usiku kucha mezani kwangu, na asubuhi hesabu ya makosa ilikuwa bado sifuri.

Nilipoirudisha kisimani, mjukuu alikuwa ameshajaza madumu matatu na kuyafunga kwenye guta. Mwashi alikuwa anadai lita 59. Mama alisema lita moja iliyozidi ni ya kumwomba radhi.